Nimeaga Mara Tatu Ndipo Nikasikika

Shoga, nimeacha kazi. Nimekaa hapa kwenye ngazi za karakana ya mapazia, bado sijaondoka.

Unajua nilivyojipanga: heshima tupu, bila lawama. Nikaingia kwa Mzee mwenye karakana, nikamwambia, "Nashukuru kwa yote uliyonifundisha. Mwisho wa mwezi naomba kuondoka."

Akanijibu, "Umechoka tu, binti yangu. Chukua wiki moja upumzike."

Wiki moja! Nikarudia polepole kwamba naacha kazi kabisa. Akasema, "Basi, chukua mbili," akaendelea kupima mapazia ya wateja kana kwamba nimeomba maji ya kunywa.

Hapo adabu ikaniishia. Nikasema, "Mzee, juzi mwanangu alianguka, akanipita mimi, akamkimbilia wifi yangu anayeshinda naye, akimwita mama. Nikiondoka, sirudi tena."

Akaiweka tepu mezani, akavua miwani.

"Nilikuelewa tangu mara ya kwanza," akasema. "Nilidhani nikijifanya sisikii utaghairi."

Eti alinielewa tangu mara ya kwanza! Na mimi pale jasho linanitiririka.

Nikadhani sasa atafoka. Wapi! Akayatazama yale mapazia, akasema kwa sauti ya chini, "Wanangu walianza kuniita bosi kwa utani. Sasa ni watu wazima, bado wananiita bosi. Nenda, mama."

Shoga, sina furaha wala majuto. Nimechoka tu. Ngoja niinuke, nataka nimkute mtoto hajalala.