Simu za Koboko na Kipokezi cha Ndege

Jumatatu, 13 Januari
Uwanja wa Arua, mapema. Nimefuta vioo vya ndege, nimebandika kipokezi kipya dirishani. Kiboksi kidogo tu. Kinasikia ndege nyingine zikijitaja angani, kisha kinaipelekea tableti ya rubani habari kwa Wi-Fi yake chenyewe. Hakuna waya. Kwenye ramani kila ndege inakuwa mshale.

Tableti ilikuwa inaikimbia Wi-Fi hiyo kwa sababu haina intaneti ndani yake. Inarukia ya ofisini. Nimeiambia isahau ya ofisini. Imetulia. Mshale ukatokea: ndege ya Entebbe inakuja. Nimefurahi kweli.

Marehemu mke wangu Rosa angecheka. Yeye aliichomekea redio yake kijiko cha chai badala ya antena, na ilishika. Tangu afe sijaiwasha.

Jumanne, 14 Januari
Rubani wetu, Kapteni Driciru, amepeleka madaktari wa macho mji wa Koboko. Mimi nilibaki. Amerudi amekasirika.

Kwenda, sawa. Kutoka Koboko, tableti imekataa kuungana na kipokezi. Msimu huu watu wanachoma nyasi kila mahali, moshi umejaa mpaka juu. Helikopta ilimpita karibu, akaiona ikiwa tayari ubavuni.

"Mzee, sipeleki watu ndani ya moshi nikiwa kipofu."

Ijumaa anatakiwa kuwatoa wagonjwa wa macho Koboko, waje kufanyiwa upasuaji hapa Arua. Kipokezi kisipofanya kazi, haendi. Ana haki. Nimeogopa kwa ajili yake. Nimezika mtu mmoja, inatosha.

Jumatano, 15 Januari
Nimekijaribu siku nzima. Nimekizima, nimekiwasha. Nimekiweka juani. Hapa Arua kinaungana kila mara.

Kipokezi ni kizima. Tableti nayo ni nzima. Kazi yangu naijua. Tatizo liko Koboko, na kesho nakwenda kulitafuta.

Rosa alizoea kuniita kupe. Nikishika kitu siachii. Hakuwa ananisifu.

Alhamisi, 16 Januari
Nimelipata!

Tumetua Koboko na mizigo. Kapteni huzima tableti tukitua, kuokoa betri. Kipokezi kinabaki kinawaka. Alipoiwasha tena: imeshindwa kuungana. Nimeshuka nikamkuta askari wa uwanja, Afande Taban, kivulini mwa bawa. Simu ameinua juu, anazunguka nayo polepole.

"Fundi, neti yenu iko mbaya sana. Inasema imeshika, lakini video hakuna."

"Neti gani, Afande?"

"Hii ya ndege. Iko bure. Si nimeambia watu wote?"

Nikaangalia. Kweli watu wote. Vijana wa bodaboda. Mama anayeuza chapati. Mpaka dereva wa gari la hospitali. Hapa mtu akipata mtandao wazi, kumwambia jirani ni adabu, kama kumwonyesha kisima. Kipokezi kilikuja bila nenosiri, na kinakubali vifaa vichache tu. Jumanne simu zao ziliingia, zikaikariri ile Wi-Fi. Sasa ndege ikitua tu, zinaungana nayo zenyewe zikiwa mifukoni. Tableti ya rubani inakuta pamejaa.

Nimecheka mpaka nikashika bawa. Muda mrefu sijacheka hivyo.

Nikakizima, nikakiwasha, nikawahi kuingia mimi kwanza. Nikaweka nenosiri. Silo la kuandika hapa. Tableti ikaungana papo hapo. Kapteni akaizima na kuiwasha, tena na tena. Inaungana.

Taban hakupenda. "Sasa umefunga bomba, Fundi? Watu wako na kiu."

"Bomba hilo halina maji, Afande. Ni la kuonyesha ndege tu."

"Basi tuonyeshe ndege!"

Nikawaonyesha. Walijipanga kuangalia tableti. Mama wa chapati akauliza kama inaweza kumwonyesha mume wake yuko wapi. Vijana wa bodaboda wakasema wao wanajua, hahitaji ndege.

Ijumaa, 17 Januari
Moshi mbaya kuliko jana. Kapteni aliniangalia kabla ya kupanda.

"Mzee, unasemaje?"

"Nenda. Utaziona."

Nilisema bila kusita. Ndege ikaondoka. Sikula mchana. Nimekaa karibu na bomba la mafuta, kisha nikasimama, kisha nikakaa tena.

Wamerudi salama. Wagonjwa wameshuka mmoja mmoja, kila mmoja ameshika bega la mwenzake. Kapteni ameshuka wa mwisho. Anasema baada ya Koboko mshale ulitokea mbele yake, kimo kilekile, unamjia. Akageuka kulia. Mshale ukapita kushoto kwenye ramani. Dirishani hakuona kitu. Moshi tu.

Amenishika mkono kwa mikono miwili.

Jumamosi, 18 Januari
Siku yangu ya mapumziko. Nimepanda kilima kwenda kijijini Logiri, kaburini kwa Rosa. Nimekaa chini, nimemweleza habari za wiki. Ile ya mama wa chapati nimemweleza mara mbili.

Ndege imepita juu ya moshi, kuelekea kaskazini. Mlio ni wa ndege yetu. Sikuinua kichwa kuitafuta. Nimeendelea kung'oa nyasi.