Kitabu Alichokwenda Nacho Kalemie

Alhamisi, kisha kula

Na hii aplikasio ya prefe, mkuu wetu wa shule, imenichokesha! Anataka vitabu vyote vya bibliotheke ya shule ninayoitunza viingie mu telefone, ndipo yenyewe iwakumbushe wanafunzi waliochelewa kurudisha. Nikaona niijaribu kwanza kwa mtu wa nyumbani, nisichekwe.

Nikaandika jina la bwana yangu na namba yake. Siku alipopanda boti pale Kalundu kwenda kutafuta kazi Kalemie, alibeba kitabu chetu kimoja bila kadi, kama bibi yake ndiye kadi.

Sikujua kama iko inatuma palepale. Ujumbe niliouandalia wanafunzi ukaenda hivyo hivyo: "Muda umepita. Rudisha kitabu haraka."

Haya ikanishika. Miye kila tukiongea namwambia tuko wazima, atafute kazi bila haraka. Sijawahi kumwambia arudi. Hata mara moja, na kitanda kilivyo kipana...

Jibu likaja: "Mama Neema, munataka kitabu tu? Mutu hapana?"

Nimelisoma mpaka chai imepoa. Sasa aplikasio inaniuliza kama nimwongezee muda.

Nimebonyeza hapana.