Kilio cha Mmunga

Mjini Baraka, Jumanne jioni

Sadiki aliuangalia ugali mpaka ukapoa. Mtoto huyu wa dada yangu aliondoka kijijini Lubondja na wanamgambo akiimba, amenyunyiziwa dawa, akiamini risasi zitageuka maji. Leo amerudi bila rafiki yake Mmunga.

Wakubwa wao wametangaza kwamba Mmunga alivunja mwiko, aligusa mwanamke, ndiyo maana dawa haikumkinga. Hivyo ndivyo wanavyoeleza kila kifo. Dawa haikosei kamwe. Sasa mama yake anaona aibu hata kuweka kilio.

“Mujomba, ni uongo,” Sadiki alisema. “Tulikuwa naye mu shimo siku tatu. Mwanamuke angetoka wapi? Alikufa akiita mama yake.”

“Mama yake anajua?”

“Nikisema, wakubwa bataniua.”

Nilimfundisha historia mimi mwenyewe. Mashujaa wangu wote walikufa kwa heshima, na hakuna hata mmoja aliyelia. Niliyatoa wapi maneno yale...

Nikimweleza mama yule, watajua nimeambiwa na nani. Kesho nitabeba kiti changu, nikae uani kwake kutwa nzima bila kusema neno. Majirani wanajua kwamba kwa aliyevunja mwiko hakuna anayekwenda kukaa kilioni.