Makaa ya Mama Yako na ya Mama Yangu

Mpendwa Sista,

Huko uliko najua barua hazifiki, lakini leo nimekasirika na sina mwingine wa kumwambia. Jumapili hii wanafungua ukumbi mpya hapa misheni, na wameupa jina lako. Mimi ndiye nimechaguliwa kusimama niseme kukuhusu, kwa sababu wale wengine uliowafundisha wamekufa, ama wamesahau, ama wako kwa watoto wao Amerika. Jana mwenyekiti wa kamati alikuja hapa kwangu Ruiru, akanywa chai yangu vizuri, halafu akaniambia, "Mwalimu, wewe sema vile aliwafunza kushona na kuimba. Yale mengine ya vita wachana nayo. Watu wanakuja kufurahi."

Ati yale mengine! Karibu nimnyang'anye kikombe.

Unakumbuka ile asubuhi, bendera ya uhuru ikiwa karibu kupandishwa? Mvua ilipiga mabati mpaka ukashindwa kufundisha hesabu. Ukaketi juu ya meza, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kukuona ukifanya, ukaanza kutuambia habari za kwenu Ayalandi. Watu wenu walitaka kujitawala na Mwingereza hakutaka. Ulikuwa msichana mdogo, mdogo kuliko sisi, askari walipokuja na malori kumtafuta kaka yako mkubwa. Hawakumpata, wakachoma nyumba. Ukasimama kwa matope na nguo ya kulala ukiangalia paa la nyasi likianguka. Na mama yako, badala ya kuokoa blanketi ama viti, akakimbia ndani akatoka na ndoo ya makaa. Ulituambia kwamba kwenu moto wa jikoni hauzimwi. Usiku unafunikwa jivu, asubuhi unaamshwa, na ndivyo ulivyokuwa tangu enzi za babu zenu. Hakutaka ufe pamoja na nyumba.

Darasa lilicheka mpaka Wambui akaanguka kutoka kwa dawati. "Nyumba inaungua, yeye anaokoa moto!" Hata wewe ulicheka kidogo, huku unapangusa macho. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimemwona mama yangu akifanya hivyo hivyo.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari kabla ya uhuru, askari wa Mwingereza walipochoma nyumba zetu ili watufungie kwa kile kijiji kilichozungushiwa mtaro, tusiwapelekee chakula wapiganaji wetu wa msituni. Nilikuwa nimeshika rinda la mama. Akajitoa kwangu, akaingia kwa moshi, akatoka na makaa ndani ya chungu kilichovunjika mdomo. Akatembea nayo mpaka huko kijijini, akiyapuliza njia yote. Kwetu pia mama alikuwa hahami akaacha moto wake nyuma.

Basi siku hiyo ya hadithi yako nilikimbia nyumbani kumwambia. Nilidhani atafurahi kusikia kwamba kuna mama mwingine ulimwenguni kama yeye. Alikuwa anapasua kuni za kuwaletea nyinyi misheni. Akaweka shoka chini.

"Kumbe alijua," akasema. "Alijua vile tunafanyiwa, na bado alikuwa anatupimia maziwa ya unga kule kijijini, ameinamisha macho."

Kesho yake alikuja mpaka mlango wa darasa, vumbi la kuni kwa mikono. Wewe ulisikia Kikuyu vizuri, hakuna mtu alihitajika kutafsiri.

"Sista, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, Wangui. Niliogopa. Wangenirudisha kwetu."

"Sisi hatukuwa na kwetu kwa kurudishwa."

Akageuka akaenda. Wewe ukabaki umesimama na chaki mkononi, na hata kengele ilipolia hukusonga.

Hapo ndipo mimi hukwama, Sista. Nilikupenda, na mpaka leo nakupenda. Nisingekuwa mwalimu bila wewe. Lakini hiyo "niliogopa" haijawahi kunishuka kooni. Wale wazungu wengine hawakuwa wamechomewa, wacha niseme hawakuelewa. Wewe ulijua ile harufu! Si ungesema hata neno moja, hata kwa askofu, hata kwa sauti ya chini? Kwa nini ulingoja mpaka Emajensi ikaisha ndiyo utuambie?

Na hawa wa leo wananimaliza kabisa. Ule mtaro waliochimbishwa mama zetu umefukiwa, na juu yake kuna magorofa ya kupangisha. Mjukuu wangu, yule yuko chuo, anakaa mtaa wa Kahawa Sukari, alinikuta nikiandika hotuba. "Cucu, si uandike tu kitu fupi? Watu wanakuja kukula." Nikamuuliza kama anajua hapa kulikuwa na mtaro. "Mtaro gani? Wa maji taka?" Ngai! Nilitaka kumgombeza, lakini nani alimwambia? Sisi tulioona kwa macho yetu tumebaki wachache hivi, na tunaambiwa tuongee juu ya kushona.

Kuna asubuhi nyingine sijawahi kuisimulia popote. Bendera ilikuwa imeshapanda, na mvua ikanyesha mpaka kuni zote za misheni na viberiti vikalowa. Ulikuja kwetu wewe mwenyewe, umeshika karai, viatu vimejaa matope mekundu. Siku hizo jirani akizimikiwa alikuja kuomba moto, na mtu mliyekosana naye hakupewa. Ulikuwa umekaa na sisi miaka mingi, hiyo uliijua. Ulisimama tu nje ya mlango. Mama alikuacha hapo kwa mvua mpaka uji ukaiva. Akatupa sisi, tukanywa, mimi nashindwa kukuangalia. Halafu akainuka, akatoa makaa katikati ya mafiga, akayaweka kwa karai lako na kuyafunika jivu vizuri.

"Enda haraka," akakuambia. "Mvua isiyazime."

Hamkuwa marafiki baada ya hapo, lakini kuni alikuletea mpaka siku uliporudi kwenu.

Leo asubuhi nimempigia mwenyekiti simu. Nimemwambia nitasema yote: ndoo ya mama yako, chungu cha mama yangu, yale maziwa ya unga, na ule mlango wa darasa. Akaanza, "Mwalimu, lakini utamharibia Sista jina." Nikamwambia atafute mtu mwingine aliyekuwa hapo, kama anaye. Hana.

Kwa hivyo jikaze Jumapili. Nitakuacha usimame kwa mvua kwanza, Sista. Halafu nitakupa moto.

Lala salama,

Mwanafunzi wako, mtoto wa Wangui