Karatasi Katikati ya Soksi za Baba

Mama,

Nilikuwa nakoroga dawa ya kusafishia picha bafuni, kama kila Jumamosi, mara nikaona dirishani karatasi zangu za kuchapia picha zikipepea kwenye kamba ya nguo. Najua zilinuka, ukaona uzitoe kwenye mfuko wake mweusi zipate hewa. Lakini zikipigwa na jua zimekwisha, Mama. Zote! Ukazibania katikati ya soksi za Baba.

Nimekwenda kumwomba mwalimu wangu nyingine. Picha inatakiwa kwenye maonyesho leo jioni: ni ya birika lako bovu. Usilitupe.

Ndoo ya bluu yenye dawa msiimwage. ~~Chakula msiniwekee.~~ Niwekeeni.

Uliniuliza nitaacha lini mchezo huu. Si mchezo, Mama. Ni kazi yangu.

Kitindamimba wako