Hanga Niliyoifunga kwa Kimo Chako

Mama,

Hanga ya nguo nimenunua. Najua ungeniambia nini: sasa ndiyo umekumbuka? Nilikuahidi kuinunua mwisho wa mwezi, mwezi ukaisha nikasema ujao, na huo ujao ndio tuliokuzika. Miezi minane imepita. Sasa iko ukutani, karibu na dirisha, imeshikwa na skrubu sita, nami nakuandikia nimeketi chini yake. Chumba chenyewe unakijua, hakuna pengine pa kukaa.

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu. Mvua ikianza, nakusikia. Ingekuwa usiku ningesema ni ndoto, lakini ni mchana kweupe, saa nane au saa tisa, wakati ule mawingu yanapotoka upande wa msitu na mji wote unaanza kukimbia. Jumatano huwa siendi kazini. Niko ndani, matone ya kwanza yanagonga mabati ya juu, halafu nasikia slipa zikipanda ngazi. Zako, Mama. Haraka haraka, moja ikiburuta kwa sababu ya lile goti. Zinapita mlango wangu zikielekea juu, kwenye kamba za nguo. Kushuka hazishuki. Mara ya kwanza nilifungua mlango nikaita. Jirani akachungulia, akauliza kama kuna shida. Nikamwambia naita paka. Sina paka, na yeye anajua.

Basi nikaacha kuanika juu. Nikawa naanika kwenye viti, kwenye mlango, kwenye chuma cha pazia mpaka kikapinda. Kila nguo ikashika uvundo. Siku moja kazini, pale tunapouza sare za shule, mama mmoja alinisogelea nimpimie mtoto wake sweta, akarudi nyuma akijifanya anatazama bei. Mtoto wa mwanamke aliyekuwa akipiga pasi mpaka matambara ya jikoni ananuka maji machafu. Niliona aibu nikatamani kujificha ndani ya kabati la blauzi. Jioni hiyo nikaingia madukani.

Ungecheka ungeniona. Muuzaji alinionyesha hanga tatu. Ya kwanza ni ya kusimama, ya kukunja, yenye mabawa mawili. Nikaipima kwa hatua, nikaona nikiifungua, mimi nitalala koridoni. Ya pili ya mviringo, ya vibanio. Hiyo ni ya soksi na chupi, shiti haiwezi. Ya tatu ni ya ukutani, unaivuta inatoka, ukimaliza unaisukuma inarudi. Nikauliza inabeba nini. Akaniambia hata blanketi. Nikamwambia, lete blanketi tuone. Mdomo nimerithi kwako, nifanyeje? Akacheka, akakiri kwamba blanketi bichi hapana, lakini suruali tano za jinzi zilizokamuliwa vizuri zitakaa. Nikakwaruza chuma kwa ukucha, kama ulivyonifundisha kukagua sufuria, maana wapo wanaopaka rangi juu ya kutu. Nikachukua hiyo.

Fundi alisema atakuja kesho yake asubuhi, nitayarishe ukuta. Pale karibu na dirisha palikuwa na kabati la vyombo, basi nikaanza kulisukuma. Nyuma yake kulikuwa na kile kigunia ulichonifungia viazi vitamu nilipokuja nyumbani Khayega mara ya mwisho ukiwa hai. Kilikuwa kimeanguka huko nikakisahau. Nikakikung'uta. Ikatoka leso yako.

Ile ya kijani. Yenye tundu la moto kwenye pembe.

Nilikaa sakafuni muda mrefu, Mama. Wewe hujui yaliyotokea huku baada yako, kwa hiyo hujui kwa nini leso moja imkalishe mtu chini. Acha nikueleze.

Siku ile ulikuwa umenipa viazi na ingokho, kuku mzima aliyefungwa miguu, bodaboda anapiga honi, matone yanaanza. Nilinyakua leso kwenye kamba nikafunika mzigo. Sikukuambia. Jioni ukaenda kuanua nguo, ukakuta leso haipo. Wiki hiyo ulikuwa umegombana na Rasoa, jirani yako, kwa sababu kuku wake waliingia kwenye sukuma yako. Ukanipigia simu ukicheka: "Nguo hazilalangi nje, nilijua tu! Sasa Rasoa amechukua yangu, anakimbia nayo usiku." Nami nikacheka. Tangu utoto ulituambia kwamba nguo ikilala kwenye kamba, wale wanaokimbia usiku wataiokota waifanyie dawa, na mwenye nguo atakwisha. Lakini Rasoa! Wewe na Rasoa mlikuwa mkigombana asubuhi, saa nne mnakunywa chai ya sufuria moja. Ulikuwa mzaha. Tatizo ni kwamba uliurudia sokoni, mbele ya watu, na watu wakauweka moyoni.

Halafu ukaja kunitembelea hapa Shieywe. Wiki ya pili, ukaanguka.

Hapa mkono wangu unakuwa mzito. Lakini wewe unajua, hata nisipoandika unajua. Nilikuwa kazini. Niliona mawingu, nikakupigia simu: "Mama, mvua hiyo, hebu nianulie nguo huko juu." Hukusema goti linauma. Ulisema, ukiniita mwanao kwa lugha yetu, "Sawa, mwana wanje." Nikakata simu nikaendelea kukunja sare. Walikukuta kwenye kona ya ngazi, shiti zangu mbichi zimekufunika mpaka kichwani.

Siku tatu hospitalini, na neno la mwisho nililolisikia likatoka vizuri lilikuwa, "Zile zingine ulizianua?" Nikasema ndiyo. Nilikudanganya. Zilikuwa bado huko juu, zimelala nje usiku wa tatu.

Siku ya mazishi, desturi unaijua. Lazima mmoja wa nyumba asimame, aeleze marehemu alivyougua mpaka akakata roho, watu wasikie wenyewe wasije wakajitungia. Ambani, kaka yangu mkubwa, akanipa kipaza sauti. Alisema mimi ndiye niliyekuwa nawe. Nikawaangalia, yeye, shangazi zangu, kanisa lote, mahema mawili yamejaa. Nikasema ulipanda juu ya nyumba, hatujui ulifuata nini, ukateleza. Hatujui. Kumbe kujua nilijua, hata dakika ya ile simu naijua.

Watu wa kwetu ukiwaachia shimo watalijaza. Kabla sahani hazijakusanywa walikuwa wamelijaza kwa ile leso. Senje, dada yake baba, alisema kwa sauti, kikulacho ki nguoni mwako, na macho yote yakageuka langoni, ambako Rasoa alikuwa amesimama na beseni la mahindi kichwani. Vijana wakamsukuma nje. Hakutupa udongo. Hakulia. Tangu hapo maziwa yake hakuna anayenunua, kanisani benchi zima ni lake peke yake, na Ambani akapanda miiba kwenye kile kijia chenu kilichotoka jikoni kwako mpaka jikoni kwake. Yote haya niliambiwa kwa simu, mwezi baada ya mwezi. Nikajiambia yatapoa. Mwanamke mzima, Mama, nikamwacha mzee wa watu aitwe mchawi ili mimi nisiulizwe swali moja.

Fundi alinikuta bado na leso mkononi. Akaweka drili yake chini, akauliza, "Madam, tupige wapi?" Nikainua mkono nikamwonyesha. Akaweka pimamaji, akatoboa, akakaza, akajaribu kuning'inia kidogo akaridhika, akaenda zake. Ndipo nikaivuta hanga, na chuma cha mbele kikanigonga kidevuni.

Nina urefu wa baba, wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukinitania kwamba naweza kuchuma parachichi bila fimbo. Nilikuwa nimemwonyesha fundi pale mkono wako unapofika. Shiti zinagusa sakafu. Nikitaka kufungua dirisha lazima niiname. Niliogopa siku ile kuliko ninavyoziogopa slipa zako, kwa sababu nilikuwa nimepima kwa mwili wako ndani ya mwili wangu, na sikuona hata kidogo. Sikumwita fundi arudi.

Nikaifua leso, nikaianika. Jumatano mvua ikaja. Slipa zikapanda kama kawaida, ghorofa ya pili, ya tatu. Lakini hazikupita, Mama. Zilisimama mlangoni. Maji ya leso yalikuwa yanadondoka sakafuni na mimi nimesimama katikati ya chumba, sithubutu hata kumeza mate. Sikufungua. Nilijua umekuja kufuata nini, na wala hazikuwa nguo.

Jumamosi nikaenda nyumbani.

Nilianza na Ambani. Nilimweleza yote, leso na simu, tumesimama kando ya zizi. Aliniuliza swali moja: "Na siku ile unashika maiki, ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa najua. Akaingia ndani akatoka na panga. Nikafikiri, sawa, na iwe. Akanipita, akaenda kwenye kile kijia, akaanza kukata miiba aliyoipanda mwenyewe. Alikata mpaka mikono ikatoka damu, na hakutaka nimsaidie.

Tukapita hapo hapo mpaka kwa Rasoa. Amekonda. Alikuwa anakamua ng'ombe ambaye maziwa yake hana wa kumuuzia. Nikaikunjua leso nikamwambia imetoka wapi, nikamwambia na ile simu. Hakuigusa. Nilikuwa nimejitayarisha anitukane, nilitaka anitukane. Akasogeza ndoo kando, akasema, "Mimi sikumlilia. Mlinifukuza na kilio kikiwa bado ndani. Nipeleke."

Tukampeleka. Mama, ulimsikia? Alifika kaburini kwako, akavua kitambaa, akaweka mikono kichwani, akapiga ukemi ambao sijawahi kuusikia kwa mtu yeyote. Akakuita kwa jina lako la usichana, lile ambalo hata mimi nalisikia kwa nadra. Akakuuliza kwa nini umemwachia kuku na hakuna wa kugombana naye. Alilia kana kwamba ulikuwa umekata roho dakika ile. Na ilikuwa saa tano asubuhi, watu wako mashambani, na wewe unajua kwetu ukemi kama huo ukipigwa kinachofuata.

Wakaja mbio. Kutoka ng'ambo ya mto, kutoka kwenye miwa, wanawake na majembe begani, mzee mmoja na povu la kunyolea shavuni. Senje akaja ameshika kiuno. Wote wanauliza kwa mbali, "Ni nani? Nani amekufa?" Walipomwona Rasoa juu ya kaburi lako wakasimama kwenye ua, na nikaona nyuso zinaanza kubadilika, na nikaona vijana wawili wanasogea.

Ambani akanitazama. Safari hii hapakuwa na kipaza sauti.

Nikasema, "Ni mama." Nikasema kwa sauti wote wasikie. "Mama amekufa, na siku ile sikuwaambia vizuri." Halafu nikaanza upya. Nikaanza na simu.

Sitakuficha, haikupokewa kwa furaha. Senje aliondoka bila kuniaga na hadi leo hapokei simu yangu. Kuna waliosema afadhali ningenyamaza, mtu akishazikwa amezikwa. Lakini mama mmoja aliweka jembe chini, akaenda akasimama kando ya Rasoa, akaanza kulia naye. Akaja mwingine. Tukakulilia tena, wengi kuliko tulivyotarajia, bila hema na bila chakula, na Rasoa katikati. Jioni Ambani akanunua maziwa kwake. Alinunua lita moja tu, akasema "asante" mara tatu.

Leo ni Jumatano na inanyesha. Nimetega sikio tangu saa nane. Bado sijasikia kitu, na naona aibu kukuambia kwamba sina raha. Nilikuwa nimezoea kwamba angalau mvua inakuleta. Nilidhani nikisema ukweli nitapumzika, kumbe nimefiwa nawe upya.

Ninakuahidi kitu kimoja tu, kwa sababu ahadi zangu unazijua. Yeyote atakayeniuliza mama yako alikufaje, awe mgeni, awe mtoto nitakayezaa, nitamwambia nilimpigia simu, akasema sawa mwana wanje, akapanda. Sitasema tena hatujui.

Lala sasa, Mama. Nguo ziko ndani zote. Kama ulikuwa njiani, usipande.

Mwanao uliyemwitikia.