Tunda la Mbuni wa Babu

Jumapili, 29 Juni 1986

Mchungaji kahubiri upendo tena. Saa nzima! Baba akaitikia amina kwa sauti kuliko wote, kamshika mkono Mbonimpa. Huyu ni kibarua wetu, alitoka Rwanda zamani. Baba alipoumwa na nyoka, yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali ya Kayanga. Mimi macho yangu kwa Karekezi, mwanawe. Kaninong'oneza nyuma ya kanisa: kahawa ikishauzwa, wanaleta posa. Nampenda jamani!

Jumatano, 2 Julai

Mama wee! Baba katangaza tukiwa tunakula: Jumamosi anachanjiana na Mbonimpa. Tunda moja la kahawa, buni mbili ndani — kila mmoja anaipaka moja damu yake, anameza ya mwenzake, basi, ndugu. Eti anampenda, hataki mtu aje amfukuze hapa kijijini Igurwa kama mgeni. Kisha kanigeukia anacheka: Kokwijuka, umepata kaka, Karekezi! Nikaisukuma sahani ya ndizi. Watoto wa waliochanjiana hawaoani. Kamwe.

Ijumaa, 4 Julai

Nimemwambia mama. Hakufoka — afadhali angefoka. Kasema: ukimpenda baba yako, nyamaza, pombe ya rubisi imeiva na watu wamealikwa.

Nikamkimbilia Karekezi shambani. Aseme yeye, basi! Kagoma. Baba yake hajawahi kuitwa ndugu na mtu wa hapa, tangu juzi anaimba tu. Anampenda, hawezi kumnyang'anya hilo. Na mimi je? Eti ananipenda pia. Pia! Nimelitupa jembe lake mgombani.

Kila mtu anapenda, na mdomo unaozibwa ni wangu. Nina hasira!

Jumamosi, 5 Julai

Wamejaa sebuleni. Wembe uko tayari. Baba kavaa kanzu yake ya harusi. Tunda kalichuma mwenyewe alfajiri, kwenye mbuni wa babu. Lazima liwe hilo hilo, likipotea hakuna kuchanjiana, na lazima nilipeleke mimi, binti yake mpenzi. Ni heshima, kasema.

Lipo kwenye kikapu, mapajani pangu. Dirishani namwona Karekezi. Hanitazami.

Nikilipeleka, nina kaka. Nikisema, baba hana uso tena mbele ya watu, na Mbonimpa hana ndugu. Nao wote wawili nawapenda, Mungu wangu!

Baba anaita: unatuchelewesha! Mbonimpa anamtuliza, sauti imejaa furaha: mwache mwanetu, anakuja.

Mwanetu. Tayari.

Mama anagonga mlango. Nimelitia tunda mdomoni. Sijameza —